Mtaa Alioukwepa Mjomba

Payakumbuh, 4 Oktoba 1992

Mjomba Zubir,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, yaani mimi na Mama. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini akisikia kuna harusi kijiji cha pili magoti hayo yanapona papo hapo. Mpunga wa shamba la chini mwaka huu umekubali. Ile nguo ya kusalia uliyomtumia Idi iliyopita haruhusu mtu aiguse. Anasema mshono wako haufumuki hata uvutwe na ng'ombe. Mimi bado nafundisha darasa la tano, watoto arobaini na saba, na kila mmoja ana mdomo wa watu wawili.

Sasa la maana. Kuna kijana anaitwa Erizal, fundi wa redio pale sokoni. Mimi na yeye tumekubaliana. Kilichobaki ni posa, na hiyo kazi ni yako. Kwetu mwanamke ndiye anayeposa, na mjomba wake ndiye anayebeba tambuu kwenda nyumbani kwa mwanamume, na Mama hana ndugu mwingine wa kiume ila wewe. Mzee wa ukoo amejitolea kusimama badala yako, lakini mamake Erizal kagoma. Alimwambia Mama usoni, mbele ya watu: "Mjomba wa damu yu hai, yuko Jakarta, anatuma vitambaa kila mwaka. Mbona haji? Mnaficha nini?" Miaka kumi na tisa hujakanyaga hapa, Mjomba. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka mitano.

Mamake Erizal amesema atangoja mpaka Idi, basi. Kuna nyumba nyingine imeshaleta salamu kumtaka Erizal, nyumba yenye wajomba wanne. Wanne!

Mama kakuandikia mara mbili juu ya jambo hili, nawe ukajibu habari za bei ya vitambaa. Kwa hiyo nimekata shauri, likizo ya Desemba nakuja mwenyewe kukuchukua. Sijawahi kuvuka bahari wala kuona jiji. Nieleze nipande gari gani, nishuke wapi, nijihadhari na nini. Na nyumba yako iko mtaa gani? Sisi tunajua tu anwani ya ule mkahawa wa Senen unakochukulia barua.

Mpwa wako,
Niar


Jakarta, 31 Oktoba 1992

Mpwa wangu Niar,

Waalaikum salam warahmatullah. Barua yako nimeipata ina mchuzi kwenye bahasha, hawa jamaa wa mkahawa waliiweka karibu na sufuria. Mimi mzima, mafua tu ya vumbi la vitambaa. Nimefurahi kusikia mpunga umekubali. Magoti ya dada yangu yakandwe kwa maji ya tangawizi asubuhi, wala asipande ngazi na ndoo. Mwambie nimesema mimi.

Kuhusu safari, sikiliza vizuri, maana hili jiji halina huruma na mtu anayeshangaa.

Tiketi ya viti vya nyuma usikate hata wakikupunguzia bei. Ile njia ya milimani ina kona za kukutoa chakula cha juzi. Kaa mstari wa tatu nyuma ya dereva, dirishani, uwe na ndimu ya kunusa na shuka, maana wenye magari ya baridi wanadhani wamepakia samaki. Siku mbili utakuwa njiani. Kwenye kivuko panda juu kabisa upate upepo, na kahawa ya mle ndani usiiguse, utalia ukisikia bei.

Ukishuka kituoni Rawamangun usisimame mlangoni mwa basi ukiangaza macho. Watakurukia, huyu ameshika begi, yule ameshika mkono, wote wanakuita dada. Tembea kama mtu aliyepokewa. Ukiulizwa sema, "Mjomba wangu kaenda kununua sigara." Ukishapita lango ndipo usimame ufikiri.

Bajaji, patana kabla ya kukaa. Ukikaa umekubali bei yake. Mabasi ya mjini hayasimami, yanapunguza mwendo tu, kwa hiyo kushuka tanguliza mguu wa kushoto na uso uelekee kule basi liendako. Ukitanguliza wa kulia utaibusu lami. Nimeona watu wazima na kofia zao wakiibusu. Barabara ya kuvuka, usikimbie, usisite, usirudi nyuma. Nyoosha mkono chini chini, shika mwendo mmoja, wao ndio watakaokukwepa. Mkoba uwe tumboni. Nauli iwe mfuko mwingine, usifungue mkoba mbele za watu.

Chakula kisikutie wasiwasi, mikahawa ya kwetu iko kila kona. Ila kuna wanaotia sukari kwenye rendang, nyama yetu ya nazi, kuwafurahisha Wajava. Ukionja utamu, nawa mikono, lipa, toka, usigombane nao. Ndiyo maisha ya ugenini.

Kulala, fikia kwa Bi Rosni, mjane wa kwetu, nyuma ya kituo cha treni cha Senen. Ana chumba cha wasichana, safi, na mdomo wake utauzoea. Kwangu usifikie, paa linatengenezwa.

Habari ya posa. Hilo tutaliongea baadaye.

Mjomba wako,
Zubir


Payakumbuh, 18 Novemba 1992

Mjomba mpenzi,

Assalamu alaikum. Mama anakanda magoti na tangawizi asubuhi na jioni, na nyumba nzima inanuka kama jiko la mkahawa. Ndoo hapandi nayo tena ngazi. Ananipa mimi. Ahsante sana!

Barua yako niliisomea darasa zima. Sasa watoto wangu wote wanashuka kwenye dawati kwa mguu wa kushoto, uso mbele, na mmoja akitanguliza wa kulia wenzake wanapiga kelele, "Umebusu lami!" Mwalimu mkuu kaniuliza hilo ni somo gani. Nikamwambia jiografia.

Lakini Mjomba, nimehesabu. Kurasa tano juu ya safari. Juu ya posa maneno matatu: "Hilo tutaliongea baadaye." Baadaye lini? Erizal anapita hapa jioni kwa kisingizio cha kutengeneza redio ambayo haijaharibika. Mama anamkaribisha chai, kisha wote watatu tunaikodolea macho redio kama tuko matangani.

Nina maswali, usinikasirikie. Paa gani linatengenezwa tangu Oktoba mpaka Desemba? Nyumba ina ukubwa gani? Unakula nini, nani anapika? Bwana mmoja wa hapa aliyerudi juzi anasema watu wetu wote wanaoshona na kuuza nguo wako soko la Tanah Abang. Nawe ni fundi cherehani. Je, uko huko? Mimi nataka kwenda huko kununua kitambaa cha harusi, wote wananiambia ndiko penyewe. Na mbona barua unachukulia Senen? Nimeuliza, nikaambiwa si karibu.

Mama nikimuuliza habari zako ananitazama tu, kisha anasema, "Zubir ni Zubir." Hilo jibu gani sasa?

Niar


Jakarta, 16 Desemba 1992

Mpwa wangu,

Waalaikum salam. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Msalimie dada, mwambie tangawizi ni mara moja kwa siku, si mbili, ngozi itababuka.

Maswali yako ni mengi kuliko ya askari wa barabarani. Ninakula vizuri. Nyumba inatosha.

Hilo soko la Tanah Abang usiende. Kuna wachomoa mifuko hodari, mtu anaingia na mkoba anatoka na kamba. Nikupe mahali pazuri zaidi: soko la Senen lenyewe lina vitambaa, na pale Jatinegara utapata uzi wa dhahabu wa kufumia. Ukisema kilugha chetu bei inashuka hapo hapo, watakuita dada wa nyumbani. Ila usitaje kijiji chetu. Sema Payakumbuh tu, inatosha.

Ukitaka kutembea, nenda ukaone mnara wa uwanja mkubwa, lakini fika asubuhi mapema maana foleni ya lifti ni ndefu. Bandari ya zamani ni nzuri, uvae viatu vya kufunika. Bustani ya wanyama usiende Jumapili. Sala ya Ijumaa msikiti mkubwa wa Istiqlal, viatu uviweke kwenye mfuko uingie navyo. Tanah Abang, kama nilivyosema, mwezi huu na ujao maji yanajaa mpaka kiunoni, utaharibu viatu. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha. Baada ya saa kumi alasiri usipande basi, utabanwa mpaka ubavu uhame.

Na halafu soko lile wakati wa mwisho wa mwaka hufungwa kuhesabu mali. Utapoteza nauli bure.

Kwa kweli Niar, mwaka huu mvua ni kubwa. Si vizuri msichana peke yake. Mimi mwenyewe huenda nisiwepo, nina safari ya Bandung. Ahirisha. Mzee wa ukoo abebe hiyo tambuu, ni mtu wa heshima, mamake Erizal atazoea.

Mjomba wako


Jakarta, kwa Bi Rosni, 2 Januari 1993

Mjomba Zubir,

Assalamu alaikum. Ninakuachia barua hii mkahawani Senen, nikiomba waiweke mbali na sufuria.

Nimefika. Ushauri wako wote ni wa kweli, tena dhahabu tupu. Kiti cha tatu nyuma ya dereva, sikutapika, na yule bibi aliyekuwa nyuma alimaliza ndimu zangu zote mbili. Pale Rawamangun nilisema mjomba wangu kaenda kununua sigara. Mpagazi mmoja akasema, "Basi tumngoje pamoja," akakaa kwenye begi langu. Tulikungoja robo saa nzima, Mjomba, mimi na yeye, mpaka yeye akaanza kukutukana. Kwenye basi nilitanguliza mguu wa kushoto, sikubusu kitu. Rendang ya sukari nimeionja, nikanawa mikono nikatoka, ila pale mlangoni nilishindwa kujizuia nikawaambia.

Sasa nisikilize. Barua yako ya Desemba ilifika siku moja kabla sijaondoka. Mimi ni mwalimu. Niliichukua ramani ya Jakarta ya darasani, nikawaita nyumbani wanafunzi wa jirani walio likizo, nikawapa rangi, nikawasomea barua zako mbili: kila mahali Mjomba aliponipeleka pakeni kijani. Senen kijani, Jatinegara kijani, bandari, mnara, msikiti, bustani ya wanyama. Mwisho mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, hapa amekukataza mara tatu, na kila mara kwa sababu nyingine." Wezi, mafuriko, soko kufungwa. Mtu akikataa kitu kwa sababu moja namwamini. Akiwa na tatu, nakwenda kutazama.

Jana nilikwenda Tanah Abang. Soko liko wazi. Maji hakuna hata ya kunawia. Nilimuuliza muuza vitambaa wa kwetu kama anamjua fundi Zubir anayeshona nguo za kusalia.

"Zubir yupi? Zubir wa Payakumbuh au Zubir wa Mama Kayah?"

"Ni wawili?"

"Ni huyo huyo mmoja," akasema, akacheka, akanionyesha kichochoro.

Mlango ulikuwa wazi. Paa ni zima, Mjomba, tena la vigae. Cherehani ilikuwa na kitambaa cheupe chini ya sindano, nusu kimeshonwa, na kikombe cha chai pembeni kikitoa moshi. Akatoka mama mmoja mnene, mcheshi, mkono una unga. Nikajitambulisha kwa jina kamili: mimi ni Yusmaniar, mpwa wa fundi. Akapiga kofi. "Eh! Mirna! Njoo umwone binti wa shangazi yako! Bang Zubir! Bang!" Bang, yaani kaka, ndivyo anavyokuita. Akachungulia uani. "Alikuwa hapa sasa hivi! Mtu mzima anayeyuka kama barafu!"

Mirna akaja. Ni Mama. Ni Mama yule wa picha ya ukutani, kabla hajaolewa, na nyusi zile zile na ule upara mdogo wa juu ya paji anapofunga nywele. Nikamkumbatia.

Walinipa wali wa nazi na yai na kachumbari, walinikalisha saa mbili na nusu. Bi Rokayah, ndiye huyo Mama Kayah, ana utani, mbavu zinauma mpaka leo. Mirna ana miaka kumi na saba, anajua majina ya mito yetu yote na milima yote, kasema wewe ndiye uliyemfundisha. Aliniuliza kila kitu: nyumba ina ngazi ngapi, wasichana wanalala vyumba gani, mpunga unanuka vipi. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Dada, wanafunzi wenzangu wa kwenu huniuliza mimi ni ukoo gani. Nikisema baba yangu ni wa kule, wanasema, hatujakuuliza baba."

Mkabala na nyumba kuna kinyozi. Muda wote huo kulikuwa na mwanamume amekaa kwenye kiti, gazeti kalifunika uso, na kinyozi hamnyoi. Miguuni ana ndara moja ya bluu na moja ya kahawia, kama mtu aliyetoka kwake mbio. Sikuvuka kile kichochoro, Mjomba. Ningeweza. Niliona haya kwa niaba yako.

Ninampenda Erizal. Sijakuandikia hivyo kwa sababu naona haya, lakini ndivyo. Ninarudi keshokutwa. Kama una mke na mtoto, hayo ni mambo ya heri, kwa nini umetuficha? Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Niar


Jakarta, 27 Januari 1993

Niar mwanangu,

Waalaikum salam. Barua hii ni ya tano, nne nimezichana.

Ulinikuta. Sina la kujitetea. Niliposikia sauti yako mlangoni nilitokea uani, nikazunguka, nikaketi kwa kinyozi na gazeti la wiki iliyopita. Bi Rokayah hajaniruhusu kusahau. Kila mtu akibisha hodi ananiambia, "Gazeti lako hili hapa."

Unataka ukweli. Muulize mama yako kuhusu sherehe ya mwaka sabini na moja. Kama hataki kusema, nasema mimi.

Mwaka ule binamu yetu Syamsir alirudi kutoka Java na mke wa mji wa Semarang na kitoto cha kike cha miaka mitano. Kulikuwa na mkusanyiko wa ukoo kwenye nyumba kubwa. Yule mtoto akaingia, akaketi mkekani na watoto wenzake, mbele ya sinia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, kichwa kimejaa sheria za mila kuliko wazee wenyewe, na nilikuwa napenda kusikilizwa. Nikasimama. Nikasema, "Mtoto anafuata ukoo wa mama. Huyu mama yake hana ukoo. Kwa hiyo huyu ni mgeni, na chakula cha mgeni hupelekwa nje." Wazee walinyamaza, maana kwa sheria nilikuwa sawa. Mtoto akatolewa. Alikula peke yake kwenye ngazi, sahani mapajani. Watu walinisifu, Niar. Walisema kijana huyu siku moja atapewa cheo. Syamsir aliondoka kesho yake na hakurudi tena mpaka alipokufa.

Mwaka wa pili nikaja Jakarta. Mwaka wa tatu nilikuja kuwasalimu mara ya mwisho. Halafu nikampenda Rokayah, mtoto wa hapa hapa Tanah Abang. Mirna alipozaliwa nilimshika, nikafurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikaona ile ngazi. Tangu hapo kila Idi nanunua tiketi kichwani, nafika mpaka mlangoni mwa nyumba, na mtu anasimama anasema maneno yangu. Wala hatakuwa amekosea.

Hiyo ndiyo habari. Si paa, si mvua. Naogopa. Nikija peke yangu, nimemkana binti yangu. Nikija naye, nampeleka kwenye ngazi. Na nisipokuja wewe unamkosa Erizal. Nimelifikiria hili mpaka cherehani inashona vidole.

Msamehe mjomba wako. Usimwonyeshe dada barua hii.

Zubir


Payakumbuh, 20 Februari 1993

Mjomba,

Assalamu alaikum. Mwezi wa Ramadhani unaingia keshokutwa, tunakutakia heri wewe, Bi Rokayah na Mirna.

Nimemwonyesha Mama. Usinune. Nilimsomea yote, alikuwa anapembua mchele. Nilipofika kwenye ile sahani aliinua mkono nisimame.

"Nani unadhani aliipeleka ile sahani nje?" akasema. "Mimi. Mtoto aliniuliza, 'Shangazi, nimefanya nini?' Nikamwambia kula tu, mama. Kula tu! Sikuwa na jibu na sikutafuta. Nikaingia ndani nikaendelea kupakua." Halafu akalia, Mjomba, na mchele ukamwagika, na sijawahi kumwona Mama anamwaga mchele.

Siku ya nne aliamka mapema, akavaa nguo nzuri, akapanga tambuu kwenye kile kisanduku cha shaba, akaniambia nimshike mkono, magoti hayo. Nikamuuliza tunakwenda wapi. "Kuposa," akasema. Nikadhani kichwa kimeruka, anakwenda kwa kina Erizal mwenyewe!

Tukaenda nyumba ya Wapiliang, ukoo wa marehemu babu, baba yenu. Mama akaketi, akasukuma kisanduku mbele ya wazee wao, akasema kazi hii ni ya mwanamume lakini mwanamume wake kajificha nyuma ya gazeti. Waliangua kicheko, Mjomba, na mimi nilitamani sakafu inimeze. Kisha akasema lake. Kwetu Bi Rokayah hawezi kuingia, maana mke na mume hawawi ukoo mmoja. Lakini kwenu, ukoo wa baba yake Zubir, mlango upo. Mpokeeni awe binti yenu, mbuzi natoa mimi, achinjwe hadharani. Mama yake Mirna akiwa wenu, mtoto ni wenu.

Mzee mmoja akasema, "Zubir? Si ndiye yule aliyekuwa anajua sheria kutushinda?" Bibi mmoja akanung'unika kwamba siku hizi mila imekuwa soko. Mama akamgeukia. "Bibi, ulikuwepo mwaka ule. Ulikula vizuri?" Walijadiliana mpaka adhuhuri. Mwishowe yule bibi aliyenung'unika ndiye aliyenyoosha mkono akachukua jani la kwanza.

Wamekubali. Kama Bi Rokayah mwenyewe anataka, maana hatuwezi kumfanya mtu binti kwa nguvu. Mbuzi atachinjwa siku ya pili ya Idi. Siku ya tatu mnamposa Erizal. Mamake kaambiwa, akasema, "Nitaamini nikimwona." Ile nyumba ya wajomba wanne nayo bado inaleta salamu.

Mama anasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Ulikuwa sawa kwa sheria na ulikuwa na roho mbaya, na mimi nilikuwa na roho mbaya pamoja nawe. Njoo na watu wako."

Jibu haraka. Kila nikisikia baiskeli ya mtu wa posta, natoka mbio mpaka barabarani.

Niar


Jakarta, 9 Machi 1993

Niar mwanangu,

Waalaikum salam. Dada amepona magoti kumbe, kutembea mpaka kwa Wapiliang! Sisi tumefunga salama. Najua umengoja, lakini nilitaka kwanza niwe na tiketi mkononi. Wiki ya Idi jiji zima linahama kurudi makwao, nimepanga foleni siku mbili. Nimepata viti vitatu, tena vya nyuma kabisa. Ndiyo, vya nyuma. Usiseme kitu. Tunaondoka tarehe ishirini, asubuhi.

Barua yako nilimsomea Rokayah. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Babu zangu wote wamezikwa mtaa huu, leo ninazaliwa tena Payakumbuh na miaka arobaini na moja! Mtoto gani huyo, atanyonya wapi?" Kisha akauliza huyo dada yako magoti yanamuuma kweli, na alikwenda kwa miguu? Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani akaanza kuchagua nguo. Nimechukulia kwamba amekubali.

Mwambie mamake Erizal aniandalie mahali pa kukaa. Tambuu nitabeba mimi. Na hadharani, kabla ya mbuzi kuchinjwa, nitasema nililolisema mwaka ule na nitasema nilikosea. Naogopa bado. Nakuja hivyo hivyo.

Mirna nilimwambia Jumamosi. Sikujua nianzeje, nikampa barua yako asome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Akanirudishia, akaenda kukunja nguo za wateja. Nikaumia, nikadhani limemchelewea. Jana asubuhi nilikuwa kwenye cherehani na mlango wa chumba chake ulikuwa nusu wazi. Nikamwona amesimama mbele ya kioo, kajitanda mtandio wa mama yake. Anajiuliza kwa sauti nene, ya kizee: "Wewe binti, ni ukoo gani?" Halafu anajijibu kwa sauti yake: "Piliang." Akarudia. "Mimi ni wa Piliang." Mara ya tatu aliishia nusu ya neno, akaziba mdomo kwa mtandio.

Niliacha kushona, Niar, nikaenda mlangoni kwake. Nikamwambia sema tena, mwanangu, sikusikia vizuri.

Mjomba wako,
Zubir